Bomba kuu linapita kwetu, maji hatupati: naomba ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kupitia jambo hili.

Bomba kuu la maji limekatiza mtaani kwetu kuelekea mitaa ya mbele. Usiku ukiinamia chemba unasikia maji yakikimbia, na nyumbani madumu ni matupu. Tumeomba kuunganishiwa, tukajibiwa hatuna hati za viwanja. Tukaandika barua yenye sahihi za kaya zote. Ikagongwa muhuri, basi. Aliyetuahidi wakati wa kampeni hapokei simu. Kinachoniuma zaidi ni watoto kukosa vipindi vya asubuhi kwa sababu ya foleni ya maji.

Nimesoma kuwa Umoja wa Mataifa ulitambua maji kuwa haki ya binadamu mwaka 2010, na kwamba Maoni ya Jumla Namba 15 ya mwaka 2002, yaliyotolewa na kamati ya Umoja huo ya haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni, yanasema kaya isinyimwe maji kwa sababu ya hadhi ya makazi au ardhi yake.

Je, hoja hii ina uzito mbele ya mamlaka ya maji, au mpaka sheria ya nchi itamke hivyo? Na tukikubali kwanza bomba la pamoja, tutakuwa tumejifungia mlango wa kuunganishiwa majumbani?