Country Queen, Siri ya Mtungi au Crime and Justice: nianze na ipi?

MtuWaMwambao
Wakuu, salaam. Tamthilia za Kituruki za kutiwa sauti zimenichosha, unafika sehemu ya mia na bado hakuna aliyemwambia mwenzake ukweli. Nataka ya kwetu, nzito, na yenye mwisho. Nimebaki na hizo tatu hapo juu. Bando linatosha moja kwa sasa. Ipi?

kijana_wa_Wote
Country Queen, wala usiulize tena. Ilitoka Netflix Julai 2022, ya kwanza kutoka Kenya kubeba jina lao. Watu wakapiga kelele kidogo mtandaoni, halafu kimya. Inaniuma.

Akisa (Melissa Kiplagat) anaandaa sherehe za matajiri Nairobi. Anarudi kwao Tsilanga baada ya miaka kumi na kukuta kampuni ya Eco Rock inanyemelea mashamba kwa sababu chini kuna dhahabu. Mkuu wa kampuni ni Vivienne, yaani Nini Wacera yule yule wa tamthilia ya Wingu la Moto. Na mume wa Vivienne ndiye mpenzi wa Akisa huko mjini! Sasa ona alivyobanwa: akiwatetea wazee wake, anapigana na nyumba anayoiibia.

Kitu kingine ni masikio. Wazee wanaongea Kikamba, mtaani Kiswahili na Sheng, kwenye ofisi za vioo Kiingereza. Hakuna anayekueleza nani ana nguvu, unasikia mwenyewe.

Binti_Dunda
Kaka, taratibu. Siri ya Mtungi ilianza kurushwa Desemba 2012 na hadi leo watu wanaiita "ile ya Bagamoyo" bila kukumbuka jina. Cheche ni mpiga picha, ana studio yake, ana mke, na jicho lake halitulii. Basi. Hakuna dhahabu wala helikopta. Ila ukiitazama utamwona jirani yako, shemeji yako, na kama wewe ni mkweli utajiona na wewe.

Fedha zilikuwa za Wamarekani, mambo ya afya na uzazi wa mpango, kwa hiyo nilitegemea daktari atokee kila dakika kumi kutuhubiria. Wapi! Somo limefichwa ndani ya ugomvi wa ndoa. Na Kiswahili chake kinatoka mdomoni, si kwenye karatasi.

jicho_la_tatu
Wa Crime and Justice simwoni, acha nimsemee. Ilitoka Showmax, mtandao wa kutazamia filamu kama Netflix, 2021. Sarah Hassan na Alfred Munyua ni wapelelezi Nairobi. Imepigwa picha vizuri, giza lake zuri, na visa vinafanana na vile vya magazetini. Lakini upelelezi ni upelelezi, umeuona kwingine. Iweke ya tatu.

mzee_wa_Kisauni
Nimetazama Country Queen yote. Sehemu sita tu, na ndipo penye kasoro: dhahabu, mtoto, mapenzi ya wizi, baba mgonjwa, vyote humo humo. Mwisho unakimbizwa kama daladala ya usiku. Halafu kijana, usijifanye hiyo yako haina mfadhili. DW Akademie ya Ujerumani wamo.

kijana_wa_Wote
Mzee shikamoo. Wamo, sikatai. Lakini nitajie tamthilia nyingine ya kwetu iliyothubutu kumweka mwekezaji na mwenye shamba meza moja, na mwenye shamba asiwe mjinga. Kuna wanakijiji wanaotaka kuuza, na wana sababu zao: karo, dawa, uchovu. Hiyo siioni kwenye hadithi zetu nyingi, ambako mwanakijiji ni wa kulia tu. Mwisho ni wa haraka, nakubali. Ningependa wangepewa sehemu nne zaidi.

Binti_Dunda
Hapo kwenye sababu za kuuza nakuunga mkono. Bado namwambia mtu wa mwambao aanze na Cheche, maana Netflix ina ada ya mwezi na Siri ya Mtungi mimi niliipata YouTube.

MtuWaMwambao
Bando limeshaamua basi. Cheche wiki hii, Akisa mshahara ukitoka. Mzee wa Kisauni, huyo mtoto usinisimulie, tafadhali.

mzee_wa_Kisauni
Sisemi kitu. Ila mtazame vizuri mama yake Akisa.