Tupeane uzoefu: kitabu cha katuni kilichokugusa wewe au mwanao kipindi cha kukua

#1 (mtoa mada)
Wakuu habari za jioni. Binti yangu ana miaka 11, yuko la sita, tangu shule zifunguliwe kila Jumatatu asubuhi tumbo linamuuma. Tumepima choo, mkojo, malaria, taifodi, hamna kitu. Mama yake akasema anadeka, mi nikasema hataki shule. Sasa shangazi yake alikuja na begi la vitabu, kimojawapo cha katuni kinaitwa Guts cha Raina Telgemeier, mi kuona michoro tu nikakitupia juu ya kabati nikamwambia soma vya maana. Juzi narudi kazini nakikuta mezani pale ninapokulaga, kimefunguliwa, kimekandamizwa na kopo la Blue Band kisijifunge. Kuna mtoto kajikunja kashika tumbo, na haumwi ugonjwa, ni hofu imemkaa tumboni. Pembeni kaandika kwa penseli, vidogo vidogo, "baba ni hivi". Aisee ugali ulipoa. Kumbe mwandishi anachora utoto wake mwenyewe.
Haya, nani mwingine katuni imemsemea? Tiririkeni.

#2
Mi kizazi cha Sani mkuu, lile gazeti la katuni la Bongo. Gazeti moja tunasoma watu kumi na mbili kwa foleni, likikufikia karatasi ya mwisho ilishafungiwa karanga. Nilikuwa la tatu nasoma kwa kukokota silabi, ila nikitaka kujua Madenge kafanya nini leo naona herufi zinakuja zenyewe. Mwalimu alinikuta nalo ndani ya atlasi, akanipa vinne vya moto. Baadaye nilipita ofisini nikamkuta analisoma, anacheka peke yake 😂

#3
Mtoa mada unalea mayai. Sentensi tatu ukurasa mzima halafu mnaita kusoma? Sisi tumekuzwa na hadithi ndefu na hatukuumwa matumbo.

#4
@3 tuliumwa sana tu, hatukuwa na wa kumwambia. Mi nafundisha msingi. Tuzo ya Newbery ya Marekani, ya vitabu vya watoto, inatolewa tangu 1922, wamekaa karibu miaka mia hawajawahi kuipa katuni, 2020 wakaipa New Kid ya Jerry Craft. Ni dogo mweusi anayependa kuchora, kapelekwa shule ya hela ambako wengi ni wazungu, walimu wanamchanganya jina na mwenzake. Nina mwanafunzi wa ufadhili, baba yake anaendesha bodaboda, alikuwa anaomba ashushwe kona ya mbali na geti. Nikamwazima, hakusema lolote, akakirudisha baada ya siku mbili akauliza kama kuna cha pili. Kipo.
Na nikitaka kuwaandikisha insha natoa kopi ya ukurasa mmoja, nabandika vikaratasi juu ya maneno yote, nawaambia jazeni mnachodhani wanasema. Wale wa mstari mmoja wanajaza mpaka pembeni.

#5
Niko Nairobi lakini nimekulia Garissa. Tafuteni When Stars Are Scattered, ya 2020, Omar Mohamed anasimulia alivyokulia kambi ya wakimbizi ya Dadaab, hapa Kenya, na mdogo wake Hassan, na Victoria Jamieson ndiye amechora. Hassan haongei, neno lake ni moja, Hooyo, yaani mama kwa Kisomali, na mama yao hawajui aliko. Omar akipata nafasi ya shule inabidi aamue nani atabaki na Hassan. Sasa mimi nina ndugu kama huyo, na kwetu aliyekuwa anabaki naye ni mimi mama akienda sokoni, nimekosa shule siku nyingi na sijawahi kulaumu mtu, lakini bana kuna siku nilikuwa namsomea msichana wangu usiku nikafika hapo nikamwambia lala, zima taa. Hakulala. Aliuliza, "Ni kama anko?"

#6
Vizuri, ila bei jamani! Nimeulizia kimoja naambiwa hela ya kiroba cha sembe. Na cha Kiswahili cha umri huu, cha nyumbani na shule, kiko wapi? Wachoraji tunao tele, wengi wanachora siasa magazetini. Nikipata mmoja nampa stori yangu ya bweni bure.

#7 (mtoa mada)
Nimewasoma wote, hata wewe #3. Nilimuuliza binti taratibu, kumbe Jumatatu kipindi cha kwanza hesabu, mwalimu anaita mtu ubaoni na ukikosea unabaki umesimama hapo hapo mpaka mwingine apatie. Nimeomba kuonana na mwalimu Alhamisi. Leo Jumatatu tumbo limeuma tena, ila safari hii kaniambia lilianza jana saa mbili usiku, wakati anapanga daftari.