Tofauti za kibodi fupi za IBM Model M: nichague ipi?

Mchapaji_Mtulivu:
Habari za wakati huu, wakuu. Nimeonyeshwa kibodi mbili za IBM Model M zisizo na sehemu ya tarakimu upande wa kulia, zile zilizoitwa Space Saving Keyboard. Moja ina nembo ya maandishi ya kijivu, kitufe cha Enter kilicholala na waya unaochomoka nyuma. Ya pili ina nembo ya buluu, kitufe cha Enter kilichosimama na waya uliofungwa moja kwa moja. Muuzaji anashikilia kwamba ya kwanza ni bora kwa kuwa ni ya zamani zaidi. Je, kuna tofauti ya kweli katika ubonyezaji, au ni sura tu?

Springi84:
Ndugu, anza na lebo ya chini, kwa sababu huko ndiko utakakoona namba ya toleo na tarehe ya kutengenezwa. Namba 1391472 ni ya mpangilio wa Kimarekani wenye vitufe 84, yaani vile 101 vya kibodi kamili ukitoa 17 vya tarakimu. Hiyo yenye Enter iliyosimama ni ya mpangilio wa Ulaya: ina vitufe 85, na Shift ya kushoto imefupishwa ili kupisha kitufe cha ziada. Tofauti hii utaihisi kila siku kuliko nembo, maana kidole cha mwisho kilichozoea Shift ndefu kitakuwa kikigonga pasipo pake.

Kuhusu nembo, ya buluu kwa kawaida ni ya baadaye, hasa baada ya mwaka 1991, IBM ilipokitenga kitengo chake cha kibodi na printa kikawa kampuni ya Lexmark. Mtambo wa ndani, hata hivyo, ni uleule: springi hupinda ghafla chini ya kitufe, ikasukuma kinyundo kidogo, nacho kikakandamiza karatasi za plastiki zenye saketi. Mlio unaousikia unatokea papo hapo herufi inaposajiliwa, na hilo halikubadilika kwa kubadili rangi ya nembo.

Fundi_wa_Ribiti:
Nakubaliana na mkuu hapo juu kuhusu mpangilio, ila naona umri umepuuzwa mno. Bamba la chuma na fremu ya plastiki vimeshikanishwa kwa ribiti za plastiki, na plastiki hiyo hukauka na kukatika kadiri miaka inavyopita, hata kibodi ikiwa imekaa kabatini bila kuguswa. Iinamishe taratibu upande huu na upande ule karibu na sikio. Ukisikia vipande vidogo vikiviringika ndani, vichwa vya ribiti vimeshaanguka. Baada ya hapo bonyeza kitufe kimoja kimoja, ukianzia safu za katikati. Pale ambapo bamba limelegea, mlio huwa mzito na butu, na wakati mwingine herufi haitoki mpaka ukandamize kwa nguvu.

Dawa yake ni kukwangua mabaki ya ribiti, kutoboa matundu na kufunga skrubu za M2. Ni kazi ya kuchosha, lakini haina siri. Andaa pia spana ya boksi ya milimita 5.5 yenye shingo ndefu na nyembamba, kwa kuwa skrubu nne za ganda zimezama ndani na bisibisi ya kawaida haizifungui. Binafsi ningechukua yenye ribiti nzima, iwe ya nembo gani.

Mchapaji_Mtulivu:
Nashukuru sana. Jambo moja limenitia shaka: ile ya buluu ilipounganishwa, herufi J, K na L zilitoa 1, 2 na 3. Je, imeharibika?

Springi84:
Haijaharibika. Kwa kuwa sehemu ya tarakimu iliondolewa, tarakimu zilihamishiwa kwenye herufi, na hapo Num Lock imewashwa. Bonyeza Shift pamoja na Scroll Lock, herufi zitarudi.

Waya unaochomoka una faida yake: ukikatika, au ukiwa na plagi kubwa ya pini 5 nawe unahitaji ndogo ya pini 6, unabadilisha waya peke yake, kwa sababu mawimbi yanayopita ni yaleyale. Uliofungwa moja kwa moja utakulazimisha kufungua ganda. Kwa kompyuta yenye USB pekee, tafuta kigeuzi chenye saketi yake ya kutafsiri. Vile viungo vidogo vinavyobadilisha umbo la plagi tu havitafanya kazi na kibodi hizi.

Fundi_wa_Ribiti:
Na kabla ya kulipa, omba ruhusa ya kung'oa kofia ya kitufe kimoja ili uhakikishe springi ipo. Lexmark ilitengeneza pia kibodi fupi za jina la Model M4 ambazo ndani zina vikombe vya mpira, na wapo wauzaji wanaosoma herufi M wakaishia hapo.