Naombeni ushauri: rasimu ya kanuni za droni za burudani, tumeitwa kutoa maoni na msemaji ni mimi

RubaniWaJioni (mtoa mada)
Wakuu salama? Naombeni mawazo yenu maana siku hizi usingizi hauji kabisa. Mimi ni mpenzi wa droni, narusha kwa kujifurahisha tu sio kazi, na tuna kikundi chetu cha watu 43 tunakutana wikiendi tunarusha. Sasa serikali imetoa rasimu ya kanuni mpya, inapokea maoni ya wananchi, halafu kuna kikao cha wadau na kikundi chetu tumepewa dakika kumi.

Rasimu yenyewe ni balaa. Kila droni isajiliwe hata kile kidude cha gramu 60 cha kurushia sebuleni, kila ukitaka kurusha uombe kibali siku 14 kabla, yaani leo nijue upepo wa wiki mbili zijazo utakuwaje, na za kuunda mwenyewe zimepigwa marufuku moja kwa moja. Anayepiga picha za biashara na anayecheza wamewekwa kapu moja.

Swali: tupeleke barua moja ya kikundi au kila mwanachama aandike ya kwake? Na kwenye kikao niwake au niende kwa upole? Kuna kitu kingine kidogo pia lkn sidhani kama kina uhusiano.

PropelaMoja
Mkuu samahani natoka nje ya mada kidogo, kwa anayeanza achukue ipi? Nataka yenye kamera nzuri ila isivuke gramu 250.

MzeeWaUkuta
Mimi kijana wangu nipo na serikali asilimia mia. Jirani yangu aliwahi kurusha hilo dubwana likaja kusimama juu ya ua wangu, mke wangu anaanika nguo, limesimama tu linavuma kama nyigu. Nikatoka na fagio. Nikienda kumuuliza ananiambia alikuwa anapiga picha machweo. Machweo yako uani kwangu? Mtu mzima lazima ajiulize, hiki ninachokifurahia kinamkera nani.

Betri4S
Mzee fagio haifiki hahaha. Mimi kibao kilinigeukia mwenyewe, signal ikakata nikasema haina shida itarudi yenyewe, kumbe nilikuwa nimeset kimo cha kurudia mita 20 na mbele kuna mti una mita kama 25, ikaja mwendo wake safi kabisa ikaingia kwenye tawi ikakaa. Siku tatu iko juu. Siku ya nne mvua ikanyesha, ndo nikaishusha na betri imevimba kama andazi. Toka siku hiyo kabla sijawasha mota naangalia kimo cha kurudia kwanza, mengine baadaye. Kuhusu kanuni sijui mkuu, mimi naona hawatatukamata wote.

DadaWaHewani
Mtoa mada ngoja nikujibu ulichouliza maana naona watu wameshaanza hadithi.

Kila mtu aandike yake. Barua moja hata ukiinakili mara 43 msomaji atasoma ya kwanza, zilizobaki ataziruka. Marekani Desemba 2019 walileta pendekezo la Remote ID, yaani droni itangaze namba yake na mahali ilipo kama gari na pleti namba, na mwanzoni walitaka iwe pia imeunganishwa na intaneti muda wote. Warushaji wakaandika, wengine wakaeleza tu kwamba mashambani tunakorushia mtandao haushiki, mtu anaongelea uwanja wake anaoujua. Yakafika maoni zaidi ya 53,000. Kanuni ya mwisho ilipotoka Januari 2021 sharti la intaneti halipo, imebaki kutangaza kwa redio tu, na vilabu vikapewa njia ya kuomba maeneo ambayo unarusha bila hicho kifaa. Hawakupata yote waliyotaka lakini walipata kitu.

Na usiende kusema "msituguse". Nenda na mbadala. Ulaya tangu 31 Desemba 2020 wanatumia kanuni moja, ukiwa na droni ndogo na huna hatari kubwa huombi kibali cha kila safari, unabaki chini ya mita 120, unaiona kwa macho, hupiti juu ya mikusanyiko ya watu, basi. Na vilabu vya ndege za mfano vina mlango wake wa kuomba idhini ya klabu nzima. Hiyo ndo unawaambia, wekeni masharti kulingana na hatari sio kulingana na jina "droni".

Sasa hicho kitu kingine kidogo ni kipi?

KesiTu
Maoni ya nini, nendeni mahakamani. Huko huko Marekani jamaa mmoja anaitwa John Taylor, mrushaji wa kawaida tu, alipinga usajili wa droni za burudani akajisimamia mwenyewe na Mei 2017 akawabwaga.

DadaWaHewani
@KesiTu malizia basi. Desemba mwaka huo huo Bunge lao likaurudisha usajili. Kushinda kesi wakati wabunge hawajakuelewa ni kushinda kwa miezi saba. Mtoa mada nakusubiri.

RubaniWaJioni (mtoa mada)
Asante sana dada umenifungua macho. Ila kuhusu barua mimi naona barua moja ya kikundi ndo ina uzito, inaonyesha umoja. Watu wetu wengine ukiwaambia waandike wataandika matusi.

Hicho kingine ni kavideo tu. Hakana tatizo.

Betri4S
Kavideo ka nini

PropelaMoja
Mkuu kavideo ka nini? Na ile ya gramu 249 ukiiweka betri kubwa inabaki 249?

DadaWaHewani
@PropelaMoja hapana, betri kubwa inakuvusha 250 na masharti yanabadilika. @RubaniWaJioni sema tu.

RubaniWaJioni (mtoa mada)
Sawa. Mwaka jana niliweka video kwenye ukurasa wetu wa kikundi, alfajiri, nimepanda mpaka juu ya ukungu, inapendeza sana na ndo iliyotuletea wanachama wengi. Pembeni kwenye kioo pale inasomeka 612. Mita. Sasa nasikia kuna mtu wa mamlaka ya anga ameanza kufuatilia ukurasa wetu. Nawaza niifute kabla ya kikao lkn naona kama nikifuta ndo itaonekana nina hatia. Na hatia yenyewe iko wapi, wakati ule hapakuwa na kanuni iliyoandikwa vizuri, anga nyeupe, dakika nne tu, hakukuwa na mtu chini.

Nyigu_Mkali
612?? Mkuu ulikuwa unaifuata mvua huko huko kiwandani?

MzeeWaUkuta
Mnaona sasa. Nilisema mimi.

DadaWaHewani
Kwa hiyo unaenda kuwaomba wakuamini na kikomo cha mita 120 wakati umekipita mara tano. Ile 120 haikuokotwa, ndege zenye watu kwa kawaida hazishuki chini ya kama mita 150 labda zikiwa zinatua au kuruka, kwa hiyo katikati unaachwa mwanya wa mita 30 wa kukosea. Na helikopta zenyewe zinaruhusiwa kushuka zaidi ya hapo. Hapakuwa na ndege yoyote siku hiyo?

RubaniWaJioni (mtoa mada)
Hamna. Kuna helikopta lkn ilikuwa mbali sana, kwenye video yenyewe inaonekana kama inzi tu.

Nyigu_Mkali
Naomba niketi chini kwanza

DadaWaHewani
Ndugu yangu. Gatwick, uwanja wa ndege kule London, Desemba 2018 ulifungwa kwa sababu ya taarifa za droni, safari kama 1,000 zikavurugika, abiria kama 140,000, na mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani. Hata hivyo warushaji wote duniani tulilipia ile, kila mtu wa serikali anayeandika kanuni anayo kichwani. Pale hawakumpata mtu. Wewe umewawekea mtu, video, namba ya kimo, na helikopta pia.

JichoLaMwewe
Nimesoma uzi wote kimya, sasa niseme tu. Hii ni chai. Droni za dukani zilizo nyingi programu yake inagoma mita 500 kuhesabia pale uliporukia, huwezi kuipeleka 612 hata ulie. Mtoa mada ama hajawahi kushika rimoti ama ametumwa kuja kuona warushaji wanasemaje ili rasimu ipite. Mods angalieni, akaunti ina wiki moja.

Betri4S
Daah kweli hiyo 500 hata yangu iko hivyo. Mtoa mada umetunywesha chai ya moto?

KesiTu
Mimi tangu mwanzo niliona. Mtu anaomba ushauri halafu kila ushauri anaukataa.

MzeeWaUkuta
Hata kama ni chai, fundisho lipo. Jirani yangu aliyewasha droni uani naye alianza kwa kukana.

RubaniWaJioni (mtoa mada)
Jamani mbona mnanivunjia heshima. Sio ya dukani. Nimeiunda mwenyewe, propela za inchi 7, betri za lithium-ion sita, programu ya chanzo huria ambayo haina kikomo cha kimo labda uweke mwenyewe. Ndo maana nauliza kuhusu marufuku ya za kuunda, hiyo inaniua mimi moja kwa moja. Nilirusha kwa miwani, ile unayovaa ukaona kinachoonwa na kamera ya droni, kilomita mbili na kitu kutoka nilipokaa, na ilirudi salama na betri bado ipo. Mnaosema chai njooni niwaonyeshe rekodi ya safari.

JichoLaMwewe
Sawa, inchi 7 inafika. Naondoa neno chai. Ila umeona ulichofanya? Ili nikuamini umekiri makosa mawili zaidi.

DadaWaHewani
Kwa miwani, kilomita mbili. Nani alikuwa amesimama pembeni yako anaiangalia kwa macho? Marekani na Uingereza kwa kawaida bila huyo mtu huruhusiwi hata mita 100 ukiwa umevaa miwani.

RubaniWaJioni (mtoa mada)
Nilikuwa peke yangu. Alfajiri nani ataamka? Na kwa kilomita mbili hata akiwepo angeona nini, tuseme ukweli. Ndo maana kwenye barua tumeomba hilo sharti la mtu wa pembeni wasiliweke.

DadaWaHewani
"Tumeomba"?

Nyigu_Mkali
Hapo kwenye tumeomba nimeweka simu chaji kabisa

Mota_Mbovu
Samahani wakuu naingia mara moja. Inchi 7, alfajiri, 612, helikopta. Mwenyekiti ni wewe?

Mota_Mbovu
Ile video kwenye kundi ulituambia ulitumiwa na rafiki yako wa nje. Tena mimi ndo niliyeuliza kuhusu ile helikopta ukasema imewekwa kwa kompyuta.

RubaniWaJioni (mtoa mada)
Ndugu yangu nimekufuata inbox.

Mota_Mbovu
Usinifuate inbox, jibu hapa hapa. Mimi ninayo ya gramu 249, mwanangu ana ile ndogo ya sebuleni, ndo za watu wengi kundini. Sisi shida yetu ni vibali vya siku 14 na usajili wa vitoto. Suala la kuondoa mtu wa pembeni nani alikutuma? Hiyo barua sisi 42 hatujaiona. Iko wapi?

Betri4S
Mwenyekiti mjibu mwanachama

PropelaMoja
Kumbe za 249 ndo nyingi, asanteni nimeshapata jibu langu.

RubaniWaJioni (mtoa mada)
Barua nilishaipeleka Jumatatu. Nimeweka majina ya wote.