King'amuzi gani kinafaa kurekodi vipindi nyumbani?

Swali: Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu king'amuzi cha antena kitakachorekodi taarifa ya habari ya saa mbili usiku huku watoto wakitazama chaneli nyingine.

Jibu: Ndugu, ving'amuzi vingi vya DVB-T2 (mfumo wa matangazo ya dijitali ya antena) hurekodi kwenye flashi, lakini chenye tyuna moja (sehemu ya ndani inayonasa masafa) hukuruhusu kutazama chaneli nyingine iwapo tu iko kwenye masafa yaleyale na ile inayorekodiwa; kwa hiyo tafuta chenye tyuna mbili.

Jibu: Naongezea kwamba flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 (mfumo wa kupanga faili kwenye flashi) haipokei faili linalofika GB 4, ndiyo maana mechi ndefu huhifadhiwa vipandevipande.

Muulizaji: Na chaneli za kulipia?

Jibu: Hizo, kaka, kwa kawaida hurekodiwa zikiwa zimefungwa, hazichezi kwenye king'amuzi kingine.