Tupeane uzoefu: Tovuti inakubali kwenye kompyuta, ikifika kwenye seva linki zinakufa

Fundi wa Kabwe
Wakuu, poleni na baridi. Sisi tunaotengenezea watu tovuti huku Nyanda za Juu (gesti, shule, vyama vya kahawa vya Mbozi, wasafirisha watalii wa Ruaha) tunajua kusakinisha siyo kazi. WordPress (programu ya kutengenezea tovuti) wenyewe wanajisifu kwa dakika 5, na databesi ikikubali jina na nywila, kweli haizidi sana hapo. Shughuli iko kwenye anwani. Ukurasa wa mwanzo unafunguka vizuri, ukibofya "Kuhusu Sisi" unapigwa 404 (ukurasa haupatikani). Au umehamisha kutoka XAMPP (seva ya majaribio ndani ya kompyuta yako), mteja akifungua kwa simu yake akiwa Tukuyu anapelekwa localhost, yaani simu inajitafuta yenyewe.

Tupeane uzoefu: ulikutana na nini, na ulitokaje. "Wasiliana na kampuni ya hosti" siyo jibu, tunaomba msituletee hilo.

Mnyalukolo wa Kihesa
Kamwene. Mimi nilikabidhiwa tovuti ya watalii hapa Iringa ambayo fundi wa kwanza aliiacha njiani. Makala zote zipo, menyu ipo, lakini picha za juu zinazojibadilisha zimepotea na wijeti za pembeni zote tupu. Mwenye tovuti anasema kwenye laptopu ya yule bwana vyote vilikuwepo.

Nikafungua faili la .sql (nakala ya databesi). Jamaa alikuwa amelifungua kwenye Notepad, akabadilisha kila penye localhost kuweka domeni mpya, akapandisha. Kwenye makala hilo halina shida. Ila mipangilio ya themu na plagini nyingi huhifadhiwa kwa mtindo wa PHP (lugha inayoendesha WordPress) ambao kila neno limeandikiwa urefu wake mbele. Mfano:

s:22:"http://localhost/ruaha"

Hiyo 22 ni idadi ya herufi. Ukibadilisha anwani peke yake inakuwa:

s:22:"https://mfano.co.tz"

Hesabu mwenyewe: hapo zipo 19. PHP inaambiwa 22, inakuta 19, inaukataa mpangilio wote, tena bila kukuonyesha kosa lolote. Ndiyo maana unaona wijeti zimekauka tu.

Dawa yake: rudisha databesi ya awali, halafu tumia WP-CLI (zana ya kuiamuru WordPress kwa maandishi):

wp search-replace 'http://localhost/ruaha' 'https://mfano.co.tz' --skip-columns=guid --dry-run

Hiyo --dry-run inakuonyesha tu patakapoguswa, haibadilishi kitu. Ukiridhika unaiondoa na kurudia. Kama hosti yako haina mlango wa SSH (wa kuingia kwenye seva na kuandika amri), zipo plagini zinazofanya kazi hiyo hiyo na kurekebisha urefu zenyewe. Notepad iacheni iandike orodha ya sokoni.

Dogo wa Iyunga
Hiyo ya 404 nimeiona sana kwa wenzangu wanaokodi seva tupu ya Ubuntu na kuweka Apache (programu inayohudumia tovuti) wenyewe. Kwanza nenda Settings, Permalinks, bonyeza Save bila kubadilisha kitu. WordPress inaandika upya sheria zake za linki kwenye .htaccess, faili la maelekezo kwa Apache. Mara nyingi inaishia hapo.

Isipokubali, jiulize kama Apache inalisoma hilo faili hata kidogo. Kipimo: andika upuuzi kwenye mstari wa kwanza wa .htaccess, neno lolote, kisha fungua tovuti. Ikileta kosa la 500 (hitilafu ya seva), faili linasomwa, futa upuuzi wako utafute tatizo kwingine. Ikifunguka kama kawaida, hakuna anayelisoma. Kwenye apache2.conf tafuta sehemu ya /var/www/, badilisha AllowOverride None iwe All, washa sudo a2enmod rewrite, kisha anzisha Apache upya.

Fundi wa Kabwe
Hicho kipimo cha upuuzi nakichukua. Ila kisifanyike mchana kwenye tovuti yenye wateja, jamani.

Mkinga Mtandaoni
Wenye Nginx (mbadala wa Apache) msihangaike na .htaccess, haiisomi kabisa. Weka hii kwenye location / ya tovuti yako, basi:

try_files $uri $uri/ /index.php?$args;

Binti Rungwe
Wengi nawaona mnalia na 404, mimi kilichonitoa jasho ni kuzunguka. Tovuti ya shule moja, brauza inasema kuna uelekezaji mwingi mno, na hata wp-admin (ukurasa wa msimamizi) haifunguki. Mbele ya seva kulikuwa na huduma ya CDN (seva za kati zinazofikisha tovuti kwa wasomaji) iliyowekwa iongee https na wasomaji lakini http na seva. Seva ikiona http inasema "nenda https", CDN inarudi tena kwa http, seva inarudia wimbo ule ule. Nikaweka cheti kwenye seva yenyewe na kuiambia CDN itumie https njia nzima. Ikatulia.

Na kwa yule ambaye mteja wake ameingia Settings, General, akabadilisha anwani na sasa hakuna anayeweza kuingia: usiiguse databesi kwanza. Fungua wp-config.php (faili la mipangilio ya WordPress), juu ya ule mstari unaosema "stop editing", weka:

define('WP_HOME', 'https://mfano.co.tz');
define('WP_SITEURL', 'https://mfano.co.tz');

Hizi zinaishinda databesi. Unaingia, unatengeneza kwa utulivu. Mimi kwa tovuti za shule huwa naziacha humo moja kwa moja, maana zikikaa humo visanduku vya anwani kule Settings vinafungwa, na mwalimu wa zamu hana cha kuchezea.

Mzee wa Makambako
Sisi wa Joomla (programu nyingine kama WordPress) bado tupo msitusahau. Ukiwasha URL Rewriting, lazima faili la htaccess.txt ulibadilishe jina liwe .htaccess, vinginevyo linki zote zinakufa. Windows ikiwa imeficha viambishi vya faili (kama .txt) unaweza kupata .htaccess.txt huku ukiamini umemaliza. Na ndani ya cPanel (dashibodi ya hosti) usipoliona, washa kuonyesha mafaili yaliyofichwa.

Mteja Njombe
Samahanini mafundi, mimi ni mwenye tovuti. Fundi amehamisha hosti, kwa data ya simu naona mpya, kwa Wi-Fi ya ofisini naona ya zamani. Nani mwongo?

Binti Rungwe
Hakuna mwongo, kaka. Ruta ya ofisini bado imekumbuka anwani ya seva ya zamani. Itasahau muda wa TTL (muda wa kukumbuka anwani) ukiisha. Kwenye kompyuta jaribu ipconfig /flushdns na uzime ruta uiwashe. Wakati mwingine fundi apunguze TTL siku moja kabla ya kuhama, na hosti ya zamani msiifunge haraka.

Mteja Njombe
Nimezima ruta, imekuja mpya. Asante dada. Sasa picha za parachichi zangu hazionekani, na kwenye laptopu yake zilikuwepo.

Dogo wa Iyunga
Angalia majina ya mafaili. Windows haijali, lakini kwenye seva ya Linux Parachichi.JPG na parachichi.jpg ni mafaili mawili tofauti. Mwambie fundi ayafanye yote herufi ndogo, na linki zake vilevile.