Tupeane uzoefu: aina za jelibreki za iPhone, ipi inabaki simu ikizima?

Kebo Nyeupe
Wakuu, wengi huuliza "iOS yangu inakubali jelibreki?" wakaishia hapo. Jelibreki ni kuondoa vizuizi vya Apple kwenye iOS, mfumo wa iPhone, ili uweke unachotaka. Ulizeni kwanza: chaji ikiisha usiku, asubuhi simu itawakaje? Tethadi haiwaki bila kompyuta. Semi-tethadi inawaka kawaida, ila jelibreki imelala hadi uchomeke kompyuta. Semi-antethadi unaiamsha kwa programu iliyomo simuni. Antethadi inaamka yenyewe. Mwenye undani wa mojawapo aushushe hapa.

Fundi wa Bodi
Semi-tethadi ni zana za checkra1n na palera1n. Zote zinapita kwenye checkm8, tundu la usalama lililotangazwa Septemba 2019. Limo ndani ya butiromu ya chipu (msimbo wa kwanza kabisa simu ikiwaka), sehemu isiyoandikika tena, ndiyo maana hakuna apdeti ya kuliziba. Checkra1n inashika iPhone 5s hadi X.

Wengi hukwama kuingiza simu DFU, hali ambayo kompyuta huongea na chipu kabla iOS haijawaka. Kwa iPhone 8 na X: bonyeza sauti juu uachie, sauti chini uachie, shikilia kitufe cha pembeni hadi skrini izime. Ongeza sauti chini kwa sekunde 5, achia cha pembeni, endelea na sauti chini sekunde 10. Skrini ibaki nyeusi tii. Ukiona picha ya kebo, hiyo ni rikavari (hali ya kurejesha iOS), si DFU, anza upya. Tumia kebo ya USB-A. Ya USB-C husumbua sana hapa.

Mama Chipu
Nyongeza mkuu. iPhone 8, 8 Plus na X kwa palera1n: toa nenosiri kwanza. Kwenye iOS 16, kama liliwahi kuwekwa tangu simu ifutwe mara ya mwisho, futa kila kitu uanze bila nenosiri. Jelibreki ikiwa hewani, nenosiri na Face ID havitumiki. Simu yenye mambo ya benki usiiguse, tafadhali.

Sahihi7
Semi-antethadi: unc0ver ya iOS 11 hadi 14.8, na Dopamine ya matoleo mengi ya iOS 15 na 16. Ukisaini programu (kuithibitisha ili simu ikubali kuifungua) kwa Apple ID ya bure, inaishi siku 7. Zikiisha haifunguki, ingawa jelibreki inaendelea hadi simu izime. Ikizima hapo, lazima usaini upya ndipo uiamshe. Akaunti ya Apple ya wasanidi programu, ya dola 99, inakupa mwaka mzima. Toleo lako la iOS likikubali TrollStore (programu ya kuweka programu nyingine bila kusaini upya), weka kwa njia hiyo, haiishi muda.

Fundi wa Bodi
Antethadi iliwahi kuwa kawaida: jelibreki ya kundi la Pangu ya Oktoba 2015 kwa iOS 9 ilikuwa hivyo. Julai 2016 Pangu hao hao walitoa ya iOS 9.2 hadi 9.3.3, nayo ikawa semi-antethadi. Anayekuuzia antethadi ya iOS 17 usimpe hela.